Mama Aliyeomba Viti na Mama Aliyeomba Mwana

Msimu wa uchaguzi umeanza. Katiba yetu ya Kenya imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na zamu inayokuja ni ya mwaka 2027. Lakini wanaotaka viti hawangoji Agosti. Hudhuria mazishi yoyote hapa Kabazi utawaona, wawili au watatu, wamevaa vizuri kuliko wafiwa, wakimtupia jicho mfawidhi ili asisahau kuwaita.

Mmoja akipewa kipaza sauti hutaja jina lake, ukoo wa babake na kijiji alikozaliwa. Kisha anaanza. Alikwenda shule miguu mitupu. Mamake aliuza sukuma wiki sokoni. Alisomea kwa koroboi, na moshi wake bado anausikia puani. Watu hucheka kidogo, kwa upole, kwa maana nusu ya waliokaa kwenye vile viti vya plastiki walisomea kwa koroboi kama hiyo, na hawajamwomba mtu kura.

Usidhani ninamkejeli. Mtu aliyekua katika shida anajua mambo ambayo hayamo katika ripoti yoyote. Anajua bei ya debe la mahindi mwezi wa Januari wakati karo inadaiwa. Anajua mama mjamzito anavyobebwa kwa boda boda usiku wa mvua wakati barabara imekuwa tope. Mambo hayo ni hazina kwa kiongozi. Hata hivyo, umaskini wa utotoni haumfanyi kila mtu kuwa na huruma. Kuna aliyelala njaa akaapa kwamba akipata, hakuna mtoto wa jirani atakayelala njaa. Kuna mwingine, pengine wa nyumba hiyo hiyo, aliyelala njaa akaapa kwamba akipata, atafunga mlango. Wote wawili watasimama mazishini na kusimulia koroboi ile ile, na machozi yao yatakuwa ya kweli. Tutawatambuaje?

Tutembee polepole wiki hii ndani ya hadithi moja ya nyumbani kwetu, ambayo wazee wanaijua na vijana wengi wameisikia nusunusu.

Koigi wa Wamwere alizaliwa mwaka 1949 upande huu wetu wa Nakuru, kule Bahati, katika familia maskini. Siku hizo ardhi nzuri ya Bonde la Ufa ilikuwa mikononi mwa walowezi, na maelfu ya Waafrika waliishi humo kama maskwota, yaani walikaa kwenye shamba la mzungu kwa ruhusa yake, na ruhusa hiyo ilidumu kadiri walivyomfanyia kazi. Kijana huyo alisoma hadi akafika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Angeweza kubaki huko, kama walivyobaki wengine, na hakuna ambaye angemlaumu. Alirudi.

Mwaka 1974 aligombea ubunge wa Nakuru Kaskazini, akashindwa. Mwaka uliofuata aliwekwa kizuizini bila kesi, akatoka Desemba 1978 Mzee Kenyatta akiwa ameshafariki. Mwaka 1979 aligombea tena, na safari hii watu wakampa kiti. Hakukikalia muda mrefu. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 alizuiliwa tena, hadi Desemba 1984. Mwaka 1986 alikimbilia Norway. Mwaka 1990 alikamatwa na kushtakiwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo, na jambo hilo likazua ugomvi mkubwa hata Kenya ikavunja uhusiano wa kibalozi na Norway. Aliachiliwa Januari 1993. Kabla mwaka huo haujaisha alikamatwa tena, akihusishwa na shambulio katika kituo cha polisi cha Bahati, na mwaka 1995 mahakama ya Nakuru ilimhukumu kifungo cha miaka minne na viboko sita. Yeye alikana mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho. Alitoka Desemba 1996, na mwaka uliofuata aligombea urais akapata kura chache sana. Mwaka 2002 alichaguliwa mbunge wa Subukia, jimbo ambalo leo wadi zake ni Subukia yenyewe, Waseges na hii Kabazi yetu. Akawa waziri msaidizi wa habari. Mwaka 2007 alishindwa tena.

Nimeyataja haya haraka, lakini wewe yasome taratibu. Hesabu miaka aliyokaa jela, kisha hesabu miaka aliyokaa bungeni. Simtangazi kuwa mtakatifu, na si kila alilolisema katika siasa ninakubaliana nalo. Wapo wazee hapa waliomnyima kura wakiwa na sababu zao, nami ninawaheshimu. Ninachosema ni kidogo tu: mtu anayetafuta mshahara na gari la serikali angekuwa ameacha baada ya kizuizi cha kwanza.

Ila leo sitaki tumtazame yeye zaidi. Nataka tumtazame mamake.

Monica Wangu Wamwere alikuwa mama wa shamba kama mama yako na mama yangu. Mwishoni mwa Februari 1992, mwanawe akiwa ndani kwa mashtaka ya uhaini, yeye na akina mama wengine waliokuwa na wana waliofungwa kwa ajili ya siasa walikwenda Nairobi. Walimpelekea Mkuu wa Sheria ombi lao, wakaambiwa warudi nyumbani wangoje. Hawakurudi. Walikwenda Uhuru Park, kwenye pembe moja ya bustani hiyo, wakaketi na kukataa kula. Profesa Wangari Maathai, ambaye miaka kumi na miwili baadaye angepewa Tuzo ya Nobel ya Amani, aliketi nao. Watu wa mjini wakaanza kuja, wengine na maji, wengine na blanketi, wengine kusikiliza tu. Pembe ile hadi leo inaitwa Freedom Corner.

Machi 3 polisi walifika na virungu na vitoa machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai. Na baadhi ya akina mama, walipoona hawana kitu kingine mikononi, walivua nguo zao mbele ya vijana wale wa serikali. Kila aliyelelewa katika mila zetu anajua uzito wa jambo hilo. Walitimuliwa bustanini, lakini hawakwenda nyumbani. Waliingia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, karibu na hapo, na humo chini ya kanisa waliendelea kukaa na kungoja kwa takriban mwaka mzima. Wana wao waliachiliwa kwa mafungu. Wa Monica alitoka karibu na mwisho.

Unapofikiria mama huyo akilala kwenye sakafu ya kanisa, mbali na shamba lake, ni nini unachokiona? Mimi humkumbuka mama mwingine, wa Injili ya Mathayo, sura ya 20: mke wa Zebedayo.

Huyo naye alikuwa mama wa kawaida, mke wa mvuvi. Wanawe wawili, Yakobo na Yohana, waliacha nyavu wakamfuata Yesu, na bila shaka nyumbani waliacha kazi yenye upungufu wa mikono. Siku moja alikuja pamoja nao, akapiga magoti. Bwana akamuuliza anataka nini. Mama hakuzunguka. Alitaka wanawe, katika ufalme ujao, wakae mmoja kuume na mwingine kushoto. Alitaka viti.

Tumezoea kumcheka mama huyu, na wahubiri tumemtumia sana kama mfano wa tamaa. Soma tena. Yesu hakumfukuza. Hakumwambia aone haya kwa kutaka makuu kwa ajili ya watoto wake. Kwanza alimuuliza haja yake, akaisikiliza. Kisha akawageukia wale vijana na kuwauliza kama wataweza kukinywea kikombe atakachokinywea yeye. Wakajibu haraka, kama anavyojibu kila mtu ambaye bado hajakiona kikombe chenyewe, kwamba wataweza. Naye hakuwabishia. Baadaye, Matendo ya Mitume yanatuambia, Herode alimwua Yakobo kwa upanga.

Hapo ndipo ninapopata faraja kwa ajili yako, kijana wa Kabazi unayesoma haya ukiwa na nia moyoni ambayo hujamwambia mtu. Labda ni kiti cha mwakilishi wadi. Labda ni kikubwa zaidi. Unajiuliza kama kutamani uongozi ni dhambi, na kama sababu zako ni safi. Nikuambie ukweli kwa upendo: si safi kabisa. Za nani zilizo safi kabisa? Ndani ya moyo mmoja huishi uchungu wa barabara mbovu, na hamu ya kuitwa mheshimiwa, na kumbukumbu ya mtu aliyemdharau babako, na huruma ya kweli kwa mama mboga wa stendi. Bwana anayajua yote hayo, na bado anakuuliza unataka nini. Mjibu kwa ukweli, peke yako, kabla hujamjibu mtu mwingine yeyote. Andika kwenye karatasi ukipenda. Ukiona aibu kuliandika jambo fulani, hilo ndilo la kuzungumza naye kwa muda mrefu zaidi.

Kisha soma Katiba ya 2010, Ibara ya 73. Inasema kwa lugha ya sheria jambo lililo karibu sana na lile ambalo Yesu aliwaambia wanafunzi siku ile: kwamba mamlaka ya afisa wa serikali ni amana, na kwamba yanampa wajibu wa kuwatumikia watu, si uwezo wa kuwatawala. Ukimaliza hapo, soma Jedwali la Nne ujue kaunti imepewa kazi zipi: zahanati, barabara za mashinani, maji, chekechea, kilimo. Nasema hivi kwa sababu nimewasikia wagombea wema kabisa wakiahidi mambo ambayo kiti wanachokitafuta hakina uwezo nayo. Kumpenda jirani ni pamoja na kutomdanganya, hata kwa kutojua.

Na kikombe? Huku kwetu siku hizi huenda kisiwe kizuizi katika gereza la Kamiti, na tumshukuru Mungu kwa hilo, na tuwashukuru waliolipa ili kisiwe hivyo. Lakini kikombe kipo. Ni kuuza ng'ombe kwa ajili ya kampeni na mke wako akinyamaza. Ni kukataa kuwanunua vijana pombe na kuona wakienda kwa mpinzani. Ni kukaa ofisini na kutia sahihi orodha ya basari bila jina la mtoto wa dada yako, kwa sababu kuna yatima aliyemzidi haja, na kisha kula Krismasi na dada yako. Hilo la mwisho ni zito. Je, unaweza kukinywea kikombe hicho? Usinijibu haraka.

Sasa nina neno kwa sisi wengine, tusiotaka kiti chochote.

Injili inasema wale wanafunzi kumi waliposikia ombi la akina Zebedayo walikasirika. Zamani nilidhani walikasirika kwa niaba ya Bwana, kwa sababu walikuwa watu wanyenyekevu. Lakini ukiyasoma masimulizi yote utaona kwamba hata wao walikuwa wamebishana ni nani aliye mkubwa. Walikasirika kwa sababu wenzao waliwatangulia kuomba. Ndipo Yesu akawaita wote pamoja, walioomba na waliokasirika, akawafundisha somo moja.

Basi, mpendwa, jirani yako anapotangaza nia, nini hutokea moyoni mwako? Unasikia nini anapotajwa yule kijana mliyesoma naye, aliyekuwa nyuma yako darasani? Wakati mwingine tunasema wanasiasa ni wezi, na wengine wao ni wezi kweli, lakini tunalisema kwa raha kidogo kupita kiasi. Tunamla mgombea pesa zake, tunacheka nyuma yake, halafu tunashangaa anapoingia ofisini akitafuta kuzirudisha. Ikiwa tunataka atakayetumikia, je, hatupaswi kumpenda wakati bado ni mgombea, kwa kumwambia kweli na kukataa noti yake ya mia mbili? Mnamo Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana aliwazuia wanasiasa kuhutubia makanisani. Nadhani alifanya vyema, ijapokuwa najua makanisa yaliyonung'unika kwa sababu paa lilikuwa bado.

Na hasira ya wale kumi ina binamu mbaya zaidi. Tunaoishi Nakuru hatuhitaji kuelezwa. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 kura ziligeuka moto, na tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo zaidi ya 1,100 nchini. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa hema za watu waliokuwa na nyumba wiki chache kabla. Baadhi yao bado hatujazungumza nao kuhusu siku hizo. Tunasalimiana sokoni, tunauliziana habari za mvua, lakini kuna jina moja la kijiji ambalo hakuna anayelitaja. Huo ni mwanzo wa amani, nao si mdogo. Lakini msamaha una kazi zaidi ya kunyamaza. Kila mwaka mwezi wa Oktoba maaskofu Wakatoliki na maelfu ya waumini hupanda hapa kwenye Madhabahu ya Kitaifa ya Bikira Maria, Subukia, kuombea taifa, na wengi hushuka na maji ya chemchemi ndani ya chupa. Ni jambo jema sana. Nami hujiuliza, sisi tunaoishi karibu na kilima hicho, ambao chemchemi ni yetu kila siku, tumewaombea kwa jina watu wa kabila lile tulilolikimbia au lililotukimbia?

Jambo moja zaidi kuhusu mke wa Zebedayo, kwa sababu kwa miaka mingi lilinipita. Hatokei katika sura ya 20 peke yake. Mathayo anamtaja tena katika sura ya 27, miongoni mwa wanawake waliosimama wakitazama msalaba. Wanaume wengi walikuwa wamekimbia. Yeye alikuwepo. Na kuume na kushoto kwa Yesu, mahali alipokuwa amewaombea wanawe, walikuwa wanyang'anyi wawili, kila mmoja juu ya mti wake. Hatujui alifikiri nini alipotazama. Lakini hakuondoka. Yule aliyekuja akiomba viti alijifunza njiani kukaa na mtu anayeteseka. Mama wa Uhuru Park alifika mahali hapo bila kuomba kiti chochote, kwa sababu mwanawe ndiye aliyekuwa ndani. Sijui kama tunaweza kumfundisha mgombea upendo wa namna hiyo kwa hotuba. Nadhani mtu huupata kwa kukaa.

Ndiyo maana sina pendekezo kubwa wiki hii. Usijiunge na kampeni bado kama hujaamua. Kama hujajiandikisha kuwa mpiga kura, tafuta afisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ujiandikishe, jambo hilo halikawii. Kisha mkumbuke mtu mmoja. Katika kila wadi yupo mtu aliyegombea mwaka 2022 akashindwa. Wakati wa kampeni simu yake haikulala. Sasa inaweza kukaa kimya siku nzima, na huenda bado analipa mkopo wa SACCO aliouchukua kununua mashati yenye picha yake, ambayo leo tunayavaa shambani. Watu wanamkwepa, labda kwa aibu, kwa sababu walimwahidi kura na mkono ukatia alama kwenye jina lingine.

Nenda kwake jioni moja. Usiende na ujumbe, wala usimuulize kama atagombea tena. Kama ni wewe uliyemwahidi ukamgeuka, mwambie hivyo na umwombe msamaha. Kama yeye ndiye aliyekutukana baada ya matokeo, mwache aseme atakapokuwa tayari. Kunywa chai yake. Muulize mahindi yake yameendeleaje na mvua hii, na kama mfereji wa mradi wa maji umefika kwake au bado. Ukiona bado, mwende pamoja kwenye mkutano wa kamati ya maji Jumamosi, wewe na yeye, mkae safu ya nyuma.